Upande wa Chini wa Zulia

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–4

Ujumbe uliingia Ijumaa jioni nikiwa nyuma ya nyumba napogoa mizabibu. Picha tatu na sauti ya dakika moja na nusu. Picha ya kwanza ilikuwa ya zulia la rangi ya damu ya mzee, limetundikwa dukani. Ya pili, zulia lilelile limegeuzwa, mgongo juu. Ya tatu ilikuwa ya ncha tu, zile nyuzi zinazoning'inia, zimepigwa kwa karibu hata kidole cha mpigaji kikaonekana. Kisha sauti: "Mbukwa mchungaji, shikamoo. Nipo sokoni Mutrah. Nataka nimnunulie mama zulia hili. Ni la mkono, nimeshalikagua. Alianza mia na themanini, sasa amefika rial mia na ishirini, hashuki tena. Unaonaje, baba?"

Binti huyu ni wa mtaa wetu. Darasa la kipaimara nilimfundisha mimi. Huu ni mwaka wake wa pili Maskati, anafanya kazi za nyumbani kwa rial 80 kwa mwezi, kama walivyofanya mabinti wengi wa Dodoma, Kondoa na Singida waliovuka bahari. Mama yake anaishi upande wa Mvumi, katika tembe la udongo lenye paa bapa, aina ya nyumba ambayo babu zetu Wagogo waliijenga wakijua mvua ni chache. Lakini hizo chache zikija Januari, tembe hukumbuka kila ufa lilio nao.

Nikapiga hesabu palepale, mkasi wa kupogolea mkononi. Rial 120 ni karibu laki nane za kwetu. Mchungaji wa Dodoma ukimtajia laki nane haoni zulia, anaona bati. Nikamjibu kwa sauti ya hekima, ile tunayoitumia tukiwa hatujafikiri: "Binti yangu, mshukuru Mungu kwa moyo huo. Lakini mama yako anahitaji paa kwanza. Zulia la kutandika kwenye sakafu ya udongo la nini?"

Jibu halikuchelewa. "Bati nimeshatuma, mchungaji. Ziko kwa mjomba tangu Pasaka, zinamsubiri fundi. Hili ni jingine. Miaka miwili nafagia mazulia ya watu. Nayajua kuliko wanaoyakanyaga. Nataka mama akalie moja."

Nikaiweka simu mfukoni nikarudi kwenye mizabibu, na nakiri kwamba nilikata tawi nisilopaswa kulikata. Kwa maana nilikuwa nimekumbuka chakula cha jioni kule Bethania, katika Yohana sura ya 12. Mariamu amemwaga marhamu ya nardo ya thamani miguuni pa Yesu, nyumba nzima inanukia, na mtu mmoja mezani anapiga hesabu: kwa nini yasingeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini? Huwa tunamsoma Yuda kama mwizi tu, kwa sababu Yohana mwenyewe anatuambia hivyo. Tunasahau kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, na wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walipatana kwa hiyohiyo. Kwa hiyo mezani pale Yuda alikuwa amehesabu siku 300 za jasho la mtu, na alikuwa na hoja ambayo kamati yoyote ya fedha ya kanisa ingeipitisha bila mjadala. Mimi, mwenyekiti wa kamati kama hiyo, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Yuda bila hata kualikwa.

Usiku nikampigia binti, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anifundishe. Nilitaka kujua amejuaje kwamba ni la mkono.

"Geuza," akaniambia. Zulia la mkono huonyesha nakshi yake mgongoni kama usoni, kwa sababu kila nukta ya rangi ni fundo lililofungwa kwa vidole kuzunguka nyuzi za mtande. Tena mafundo hayo hayalingani kama yaliyopigwa rula. Kuna mahali mkono ulichoka na mahali ulipata nguvu. La mashine mgongo wake umenyooka mno, au umefichwa kwa gundi na kitambaa. Halafu tazama ncha. Katika la mkono, zile nyuzi zinazoning'inia ndizo mtande wenyewe, uti wa mgongo wa zulia zima, umeachwa ukachomoza. Katika la mashine mara nyingi zimeshonewa baadaye kama pindo la kanga.

Na jambo la tatu, ambalo sikupata kulisikia kwa mtu yeyote. "Papasa, mchungaji. Manyoya yanalala upande mmoja. Upande yanakolalia ndiko fundi alikoanzia." Kila akifunga fundo, fundi huvuta uzi kuelekea chini kabla ya kuukata, na sufi hubaki imelala hivyo miaka yote. Ukiwa na mkono mtulivu unaweza kuipata siku yake ya kwanza ya kazi hata gizani. Binti alilijua hilo kwa kufagia. Ukifagia kinyume, vumbi huzama ndani, na mama mwenye nyumba alimwonyesha hivyo mara moja tu, wiki yake ya kwanza.

Hapa niweke neno la pembeni. Binti alicheka aliposikia wenye nyumba wakisema "zuliya", akadhani wamejifunza Kiswahili kwake. Kumbe neno letu ndilo lililotoka Ghuba. Na kamusi za zamani za Kiswahili huliandika busati kuwa ni aina ya mkeka wa Maskati. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalituletea vitu vya kukalia pamoja na majina yake, na leo binti wa Mvumi amekwenda kulifuata zulia kule lilikotoka jina. Mwenye duka, mzee aliyezaliwa Unguja na kuondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, alimkaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kupatana bei kwa lugha ya mama ni raha na ni hatari pia, maana utani unaingia na pochi inafunguka.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Zulia lake ni la mita moja kwa moja na nusu. Tuseme mafundo ni laki mbili katika kila mita ya mraba, na hilo si zulia la kifalme, ni la kawaida tu kwa kazi nzuri. Hayo ni mafundo laki tatu. Fundi hodari akifunga mafundo 6,000 kwa siku, atakaa kwenye kitanda cha mfumi siku 50, mbali na waliokata sufi, waliosokota, waliochemsha rangi. Na binti, kwa mshahara wa rial 80, rial 120 ni mwezi mmoja na nusu. Alikuwa ameshaihesabu kabla yangu. "Siku zangu arobaini na tano kwa siku zake hamsini," alisema. "Sioni kama nimeibiwa, wala sioni kama nimemwibia."

Nimehubiri miaka mingi juu ya thamani ya kazi, na sijapata kuisema vizuri hivyo.

Sasa msomeni Luka katika Matendo 18 kwa jicho hilo. Paulo anaingia Korintho, mgeni. Anakutana na Akila, mzaliwa wa Ponto, na Prisila mkewe, nao ni wageni, wametoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Rumi. Watu watatu walio mbali na kwao, kila mmoja kwa njia yake, na kinachowakutanisha kabla ya mahubiri yoyote ni ufundi: walikuwa washona mahema. Wataalamu hubishana kama mahema hayo yalikuwa ya ngozi au ya kitambaa kilichofumwa kwa singa za mbuzi. Mimi, mtu wa nchi ya mbuzi, moyo wangu uko kwa mbuzi, na ninacho kisingizio. Kilikia, jimbo la kwao Paulo, ilijulikana kwa kitambaa kizito cha singa za mbuzi hata Warumi wakakiita kwa jina la jimbo hilo. Katika Kutoka 35 wanawake wenye ujuzi wanasokota singa za mbuzi kwa ajili ya hema ya kukutania, na Musa hakuona kazi hiyo kuwa ndogo kuliko dhahabu ya Bezaleli. Hata leo, juu ya milima ya Jebel Shams huko Oman, watu wanafuma mazulia ya singa za mbuzi, na wafumaji hapo ni wanaume. Wanawake husokota.

Kwa hiyo Paulo, yule ambaye nyaraka zake tunazisoma kwa sauti ya kutetemesha, alikuwa na vidole vyenye sugu. Alipowaaga wazee wa Efeso, katika sura ya 20, hakuwaonyesha vyeti. Aliwaonyesha mikono. Nadhani huwa tunaipita aya hiyo haraka kwa kuwa wengi wetu tuliovaa kola tuna viganja laini.

Lakini siwezi kusifu mikono bila kuuliza ni ya nani. Katika mji wa Muridke, Pakistani, karibu na Lahore, mtoto wa familia ya Kikristo aliyeitwa Iqbal Masih alitolewa kwa mwenye karakana ya mazulia akiwa na umri wa miaka minne, kuwa dhamana ya mkopo wa rupia 600. Ilidaiwa kwamba vidole vidogo hufunga mafundo madogo, ndiyo maana walipendwa watoto. Alifanikiwa kutoka akiwa na miaka kama kumi, akawa sauti ya watoto wengine hadi Marekani na Sweden, kisha akauawa kwa risasi tarehe 16 Aprili 1995. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mhindi Kailash Satyarthi alikuwa ameanzisha alama ya Rugmark, ambayo sasa inaitwa GoodWeave, ya kuwekwa kwenye mazulia ambayo karakana zake zimekaguliwa na kukutwa hazitumii watoto. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Binti wangu aligeuza zulia lake kutafuta alama yoyote, hakuiona. Mzee wa duka akasema lilivuka kutoka upande wa Uajemi, kazi ya kina mama wa kijijini. Labda. Mgongo wa zulia husema mengi, ila umri wa mkono haumo.

Ndipo tukafika kwenye bei. Wapo watakatifu wanaoona kupatana bei ni kukosa upendo. Sikubaliani nao. Pale soko la Majengo, ukimlipa mama muuza mchicha bei ya kwanza bila neno anakutazama kama mgonjwa, maana mapatano ni sehemu ya salamu. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayelalamika dukani kwamba kitu ni kibovu, kisha akifika njiani anajisifu. Kitabu hicho kinatujua. Tatizo langu si kupatana. Tatizo ni kutojua punguzo linakatwa kwenye mfupa wa nani. Binti aliposhusha kutoka 180 hadi 120 alikuwa anakata kwenye faida ya mwenye duka. Mfumaji alishalipwa zamani, huko mbali, alicholipwa. Unyamaze au upige kelele pale Mutrah, kwake halifiki jambo. Na ndiyo huzuni ya mazulia ya mbali: hata ukitaka kuwa mwenye haki, huna mlango wa kubisha.

Kwetu mlango upo. Mama wa binti huyu anasuka mikeka. Ukindu anaununua mjini, anauchana chane nyembamba, nyingine anazichemsha na rangi, anasuka ukili dhiraa kwa dhiraa huku akiongea na wageni, mpaka liwe bunda kubwa. Kisha anaketi kuuunga ukili kwa ukili kwa sindano mpaka mkeka utokee. Kiswahili chetu kinajua tofauti: ukili unasukwa, kama nywele, na nguo inafumwa, penye mtande na mshindio. Lakini mgongo unaouma ni uleule. Mkeka mzuri humchukua wiki tatu katika nafasi za kazi za shamba na jiko. Akiupeleka barabarani, gari linasimama, kioo kinashuka, na mtu aliyetoka kulipa kinywaji bila kuuliza bei anaanza: "Mama, nipunguzie bwana." Hapo hakuna mfanyabiashara katikati. Kila shilingi inayokatwa inakatwa kwenye wiki zake tatu.

Nami nisijifiche. Sebuleni kwangu upo mkeka wa mama huyu, wa kijani na zambarau. Niliununua miaka saba iliyopita kwa kile alichokiita "bei ya mchungaji". Nilidhani ni heshima, nikaipokea nikicheka. Sikuwahi kukaa nikahesabu siku.

Mahali nilipoona jambo hili likifanywa vingine ni Iringa. Ukitoka Dodoma kwa barabara inayopita juu ya bwawa la Mtera, kilomita kama 260, unafika mjini penye Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa letu la Anglikana. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, na leo mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Kuna chumba cha kufuma. Nilisimama mlangoni nikamtazama fundi mmoja kiziwi akipitisha chombo chenye uzi kulia, kushoto, kulia, anavuta ubao, kulia, kushoto. Kiziwi hasikii ubao wa kitanda cha mfumi ukigonga, ila anauhisi kifuani. Katika mkahawa wao wahudumu nao ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi au unajaribu ishara ukachekwa kidogo. Nilinunua kitambaa cha meza. Mdomo ulikuwa tayari kusema "nipunguzie" kwa mazoea, na aliyekifuma alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu ananitazama. Nikalipa. Ayubu aliyelinganisha siku zake na kasi ya chombo cha mfumaji, na Hezekia aliyeona maisha yake yamekunjwa kama nguo inayokatwa kitandani pa kufumia, nadhani wote wawili walikuwa wamewahi kusimama kwenye mlango kama ule.

Binti alilinunua zulia. Aliniambia Jumamosi, kwa maneno mawili na picha moja: "Tayari, baba." Likakaa chini ya kitanda chake miezi minne, limekunjwa kwenye shuka na vipande vya mwarobaini alivyoambiwa aweke ili nondo wasiliguse, mpaka mwenzake wa Kondoa alipomaliza mkataba akarudi nalo. Lilipanda ndege hadi Dar es Salaam, likapanda treni ya umeme hadi Dodoma, na mimi nikalipokea stesheni nikiwa nalikumbatia kama mtoto. Abiria mmoja aliniuliza kama ni mswala, nikamwambia hapana, nikaona amesikitika kidogo kwa niaba yangu.

Jumanne nililipeleka Mvumi. Bati zilikuwa bado kwa mjomba. Fundi ana visa vyake. Mama alikuwa amekaa uani chini ya mfenesi wa jirani unaovuka ukuta, ukili mapajani. Alinikaribisha, akaniletea kigoda, akaulizia mke wangu na mvua ya mjini. Sikutaka kuharibu utaratibu. Alipomaliza salamu zote nikafungua shuka.

Hakulitazama usoni. Jambo la kwanza, bila kuambiwa na mtu, aliligeuza. Akalilaza mgongo juu mapajani pake, juu ya ukili wake mwenyewe, akapitisha kidole polepole mstari kwa mstari. Katikati nyekundu inapauka kidogo, utepe wa upana wa vidole vitatu, kisha inarudi kukolea. Binti alikuwa ameomba punguzo kwa kasoro hiyo. Mama akasimamisha kidole.

"Hapa uzi ulimwishia," akasema. "Akachovya mwingine. Rangi haikukubali."

Akaligeuza, akapapasa manyoya, mara moja tu, akapata upande. Akanyamaza. Kisha: "Huyu mama alilipwa ngapi?"

Nikamweleza bei, rial na shilingi, na jinsi binti alivyopatana na mzee wa Unguja.

"Hiyo mlilipa ninyi," akasema. "Mimi namuuliza yeye."

Nikatazama viatu vyangu. Kuku alipita kati yetu, akatazama zulia, akafukuzwa kwa ukelele mmoja. Mama akasimama, akaingia ndani nalo, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Alilitandika juu ya kitanda chake cha kamba, akalinyoosha pembe zote nne, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Halafu akachukua mkeka wake mpya, ule ambao ukili wake wa mwisho alikuwa ameuunga juzi, akaukunjua juu ya zulia, ukalifunika lote, asije mtu akalichafua.